Mtoto akikwambia amefanyiwa ukatili: jinsi ya kuripoti, kupata fomu ya polisi ya PF3 na kufuatilia kesi bila kuzipoteza zile saa 72

Naandika hii bado nina uchungu ila kichwa kimetulia kidogo. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Aliyemfanyia ukatili ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, tulimpokea aje kutafuta kazi hapa Dar, na kwetu ni vyumba viwili tu kwahiyo tukamwambia alale na mtoto kitanda kimoja kama tulivyolala sisi utotoni na wajomba na kina kaka. Kilichofanyika sitakieleza, ni cha mwanangu. Nataka kueleza njia tuliyopita, maana kuna sehemu tulipoteza siku nzima na mzazi mwingine hana haja ya kuipoteza.

Kwanza dalili, kwa sababu zilikuwepo na nikazipita. Mtoto alirudia kukojoa kitandani wakati alishaacha tangu ana miaka 4, nikamchapa. Naliandika hili kwa sababu najua kuna baba anasoma hapa na fimbo iko juu ya kabati. Akawa anasema tumbo linauma kila ikifika jioni, akawa anasinzia sebuleni hataki kwenda chumbani, mwalimu akasema darasani amepoa sana, alafu akawa na hela ndogondogo za pipi ambazo sisi hatujampa. Kila kimoja peke yake unaweza kukipa sababu nyingine, ila vikija pamoja na mtoto anamkwepa mtu mmoja, usisubiri. Na usiseme huyu ni wa kiume. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hapa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mimi hiyo 1 kati ya 7 niliwahi kuisikia kwenye redio nikaona haituhusu.

Alimwambia mama yake Ijumaa jioni wakati anaogeshwa. Tukio la mwisho lilikuwa Alhamisi kama saa 4 usiku. Hiyo saa ikumbuke, nitairudia.

Dakika za kwanza nyumbani

Msikilize mpaka amalize, mwambie nimekuamini na wewe hujakosea, basi. Usimuulize maswali ishirini, usimwite bibi aje asikie, usimwite jirani, usimfanye arudie tena na tena ili uhakikishe, maana maelezo yake yanatakiwa yachukuliwe na mtu anayejua namna ya kuongea na watoto, na kila anayeuliza kwa namna yake anaweza kumchanganya mtoto bila kujua, na huko mbele mahakamani mkanganyiko mdogo unakuwa mkubwa. Maneno aliyoyasema yaandike kwenye daftari kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto, weka tarehe na saa.

Alafu usimuogeshe. Najua mkono wa mama unakwenda kwenye maji wenyewe, kwetu alikuwa ameshaanza kuogeshwa, hatukujua. Nguo alizokuwa amevaa na shuka usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, zile bahasha kubwa za kaki zinafaa, sio kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Na aliyefanya usimvamie hata kama damu inachemka. Ukimpiga anakimbia, au wewe ndo unageuka mtuhumiwa na mtoto anabaki hana wa kumpeleka popote.

Hujui uanzie wapi, piga 116. Ni namba ya simu ya mtoto, ni bure, watakusikiliza na watakuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa eneo lako. Mimi niliijua Jumapili, ningeijua Ijumaa mengi yasingetokea.

Kikao cha ukoo: hapa ndo tulipotea

Jumamosi nzima tulikaa kikao. Shangazi alikuja alfajiri na wazee wawili, wakalia, wakasema tuyamalize nyumbani, damu nzito kuliko maji, ukimpeleka mwenzako jela umemuua shangazi yako, na mtoto bado mdogo atasahau. Shangazi huyu ndo aliyenilea mimi baada ya mama kufariki kwahiyo sikuweza kusimama na kutoka. Nilikaa. Walileta mpaka kiasi cha fidia. Jua likazama tunahesabu hela za mtoto wangu.

Hakuna mzee wa ukoo, mjumbe, mwenyekiti wa mtaa wala kiongozi wa dini mwenye mamlaka ya kusuluhisha kosa hili. Ni jinai na mlalamikaji kwenye jinai ni Jamhuri, wewe unatoa taarifa tu. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali ya mitaa ya eneo lake. Ukoo ukitaka kikao, waambie tutakaa, ila mtoto kwanza aende hospitali. Hilo mtu mwenye nia njema hawezi kulipinga, na likipingwa umeshajua uko na nani.

Saa 72

Kama kuna uwezekano wa kuingiliwa, kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, zinaitwa PEP. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa unayochelewa nguvu yake inapungua, kwahiyo usiichukue 72 kama ni muda wa kupumzika. Mtoto anazimeza siku 28 mfululizo. Kwa binti aliyeshavunja ungo kuna pia dawa ya kuzuia mimba, hiyo mwisho wake ni saa 120 lakini nayo mapema ni bora.

Sisi tulifika hospitali Jumapili saa 2 asubuhi. Dirishani tukaambiwa bila PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza alichokikuta, hatuhudumiwi, nendeni polisi. Tukaenda polisi, saa 4 hivi, tukaambiwa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hayupo leo, njooni Jumatatu. Jumatatu! Nikarudi kwenye benchi nimemshika mtoto mkono, nilikuwa sijui hata kwamba kuna saa zinazohesabiwa. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekaa pembeni yetu, amekuja kwa shida zake, akauliza tukio lilikuwa lini, nikamwambia Alhamisi usiku, akasema baba simama usitoke hapa bila hiyo karatasi. Nikapiga 116 pale pale, nikarudi kaunta na simu iko sikioni. PF3 tukaipata saa 11 jioni. Mtoto alimeza dozi ya kwanza saa 2 na nusu usiku. Hesabu mwenyewe, kutoka Alhamisi saa 4 usiku, ilibaki saa moja na nusu.

Kwahiyo fanya hivi. Ukifika hospitali mwambie daktari, sio mtu wa dirishani, kwamba mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono, tukio ni siku fulani saa fulani, naomba aanzishiwe PEP wakati PF3 inafuatiliwa. Fomu ni ya mahakama, dawa ni ya mtoto. Mkiwa wazazi wawili gawaneni, mmoja abaki na mtoto hospitali mwingine aende polisi. Na kabla ya yote uliza kama hospitali yenu ya wilaya au mkoa ina kituo cha mkono kwa mkono, hapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuwa sehemu moja na mtoto haelezi mara nne. Sisi tulikuja kukijua baadaye, kilikuwa umbali wa daladala moja.

Polisi

Omba Dawati la Jinsia na Watoto, wana chumba chao na wamefundishwa. Mimi pale kaunta niliulizwa kwa sauti mbele ya foleni kafanywa nini, na mwanangu akajificha nyuma ya mguu wangu. Una haki ya kusema afande naomba tuongelee ndani, nitaeleza huko. Sema kwa heshima na usiondoke. Ikiwa dawati limefungwa, askari wa zamu anaweza kufungua taarifa na kukuandikia PF3, dawati litaendelea na mtoto siku ya kazi.

Usitoke bila vitu vitatu: namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), PF3 yenye muhuri, na jina na simu ya mpelelezi. Vyote havilipiwi, PF3 ni bure. Ukiombwa hela ya karatasi au ya mafuta ya gari, uliza utaratibu kwa mkuu wa kituo.

PF3 ikishajazwa na daktari

Hapa watu wanapita haraka na kesi zinakuja kuanguka. Sehemu ya daktari isome kabla hujairudisha. Angalia jina la mtoto liko sawa na cheti cha kuzaliwa, umri, tarehe ya uchunguzi, jina la daktari linasomeka, sahihi, muhuri. Daktari huyo anaweza kuitwa mahakamani kuelezea alichoandika, na madaktari wanahamishwa, kwahiyo andika jina lake kamili na idara yake pembeni kwenye daftari lako. Piga picha kurasa zote kwa simu. Kama hakukuonekana jeraha usikate tamaa, ukatili mwingi hauachi jeraha linaloonekana hasa kama siku zimepita, na sheria ya ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli.

Umri nao ni lazima uthibitishwe. Cheti cha kuzaliwa cha RITA ndo rahisi, ila kama huna usisimame, mzazi anaweza kuutolea ushahidi mwenyewe, na kadi ya kliniki itunze.

Ustawi wa jamii na kesi

Afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri, nenda hata kama polisi hawajakutuma. Yeye ndo anayeangalia mtoto yuko salama pale anapolala usiku, anapanga ushauri nasaha, na ndugu wakianza vitisho yeye ni mtu wa kumpigia. Kwa mwanangu ule ushauri ndo umefanya kazi kubwa kuliko kitu chochote, alianza kwa kuchora tu, wiki ya tatu akaongea.

Mahakamani hulipi wakili, upande wenu unasimamiwa na wakili wa serikali. Muombe akutane na mtoto kabla ya siku ya ushahidi. Mtoto wa miaka isiyozidi 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe. Unaweza kumzoesha maana ya ahadi nyumbani, lakini maneno ya ushahidi usimfundishe hata moja. Omba kesi isikilizwe faragha. Ukikwama, mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) yanatoa msaada wa kisheria bure.

Kesi itaahirishwa. Sisi imeahirishwa mara tano mpaka sasa. Nenda kila tarehe hata ukijua itaahirishwa, kwa sababu mashahidi wasipoonekana kesi inaondolewa, na ule upande wa pili wanahesabu kwamba utachoka na nauli. Shangazi huwa anakaa benchi la nyuma. Hatusalimiani, na inaniuma kila mara, alafu naenda kila mara.

Tarehe ya kurudia vipimo vya virusi vya ukimwi, sisi tuliambiwa baada ya miezi 3, iandike ukutani. Kwenye mambo ya mahakama inasahaulika.

Nyumbani sasa hivi

Tumemfundisha yeye na mdogo wake majina ya kweli ya viungo vyao, maana alipomwambia mama yake alitumia neno la kitoto ambalo mtu mwingine asingelielewa. Tumewaambia hakuna siri ya mwili, hata aliyesema ni siri akiwa mkubwa, ndugu, mwalimu wa twisheni au dereva wa boda anayewapeleka shule. Kila jioni namuuliza leo nani alikufurahisha na nani alikuudhi, alafu nanyamaza nasikiliza. Akikojoa kitandani tunabadilisha shuka, hakuna anayesema kitu. Fimbo niliivunja mbele yake nikamuomba msamaha, akaniuliza kama nimekasirika, nikamwambia hapana.

Na mgeni akija, hata awe ndugu wa tumbo moja, analala sebuleni. Sebule ikijaa tunamtafutia gesti na mimi ndo nalipa.