Anza na spika, amplifaya baadaye

Ukitaka mziki mtamu nyumbani anza na spika, hela kubwa iende huko maana ndo zinaamua sauti utakayosikia. Nenda dukani na nyimbo unazozijua vizuri, sikiliza kama sauti ya mwimbaji inakaa katikati au inamezwa na besi. Alafu geuza spika usome nyuma, ikiandikwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme) hakikisha amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti inayoziendesha, inazikubali, la sivyo inaweza kuchemka hadi ijizime. Wati nyingi zisikubabaishe, angalia desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa umeme uleule: spika ya desibeli 90 inataka nusu tu ya wati za ile ya 87 kutoa sauti ileile. Chumba kidogo spika ndogo zinatosha kabisa, ila usizibananishe ukutani, besi inavuma ovyo. Waya wa shaba wa kawaida tu chukua.