Maji ya waridi: tia ukishaepua

Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Oman mwezi wa Mei, mwagize chupa ya maji ya waridi ya Jabal Akhdar. Mawaridi ya Damaski ya milima ile huchanua kuanzia mwishoni mwa Machi, na huchumwa alfajiri kwa sababu jua likipanda harufu hupotea. Kwa njia ya zamani maua hupikwa kwenye jiko la udongo, mvuke ukagonga chombo cha shaba chenye maji baridi na kudondoka. Kwa hiyo yakiwa na rangi ya chai hafifu na kunukia moshi, usiyamwage! Ndiyo yenyewe hayo. Ya mitambo ya kisasa hutoka meupe, nayo ni mazuri, ila soma kibandiko: kama ni maji na arki (harufu ya kutiwa) tu, yaishie kwenye mrashi wa kunyunyizia, si jikoni.

Jikoni, tia ukishaepua. Shira ya kaimati ikichemka nayo, harufu yote inakwenda na mvuke. Kijiko cha chai kwa kikombe kimoja cha shira chatosha.

Mche wenyewe pwani utakusumbua, unataka baridi. Walioko Lushoto au Limuru wajaribu, wamwagilie shinani asubuhi, si majanini.