Kelele za karakana: jinsi ya kuzipima na kuzipunguza kabla masikio hayajaenda

Mafundi wenzangu wa Keko na kokote mnakoranda mbao, leo tuongee kelele. Kaka yangu ndo alonifundisha useremala, na siku hizi ukimwita upande wa kushoto hageuki, ndo maana nikaanza kufuatilia haya mambo.

Kipimo cha kwanza hakitaki hela. Mashine ikiwa inazunguka, simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja uongee kawaida, ikibidi upaze sauti ndo akusikie basi hapo kelele inaelekea imefika desibeli 85 au imepita (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti). Na kama jioni masikio yanalia nziii, au nyumbani wanakwambia redio umeweka juu wakati wewe unaona iko sawa tu, usisubiri kipimo kingine.

Cha pili ni simu. Kuna apu ya bure ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na afya ya wafanyakazi, ila ni ya iPhone. Za Android zipo kibao lakini zinatofautiana sana, zitumie kujua mashine ipi imezidi nyenzake, usizibebe kama ushahidi. Simu iweke karibu na sikio la anayefanya kazi, sio juu ya mashine, na usizibe maiki kwa kidole.

Sasa wengi tunakwama hapa, tunauliza mashine ina kelele kiasi gani tunasahau muda. Kwa hesabu ya NIOSH, desibeli 85 mwisho masaa 8, halafu kila zikipanda 3 muda unakatika nusu: 88 masaa 4, 91 masaa 2, 94 lisaa limoja, 97 nusu saa, 100 dakika 15 basi. Kwa hiyo kama msumeno wa duara unasoma 94 na mashine ya kuranda 97, kijana aliyepasua lisaa akaranda nusu saa kashamaliza kelele anazoruhusiwa kwa siku mbili, na chai ya saa nne hajanywa. Na yule anayepiga msasa pembeni naye anakula hiyohiyo, mashine hajaigusa.

Chukua daftari siku moja uandike dakika ambazo kila mashine inazunguka. Sisi tuliona mashine ya kuranda inanguruma tupu huku mtu kaenda kuchagua mbao, tukakubaliana huna ubao mkononi, zima. Hatukutoa hata mia.

Halafu shughulika na mashine kabla ya kukimbilia dukani. Visu butu vinapiga kelele kuliko vikali, noa. Kaza boliti na vifuniko vinavyochezacheza, weka vipande vya raba nene chini ya miguu, kompresa itoe nje maana ndani ya kuta za mabati sauti inagonga inarudi. Kazi za kelele zipange muda mmoja, wasiohusika wakae mbali.

Kelele inayobaki ndo ya kuzibia masikio. Pamba ya kawaida haisaidii kitu, na spika za simu za masikioni ndo unaongeza kelele juu ya kelele. Vile vizibo vya sponji viviringishe viwe vyembamba, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 20 hadi 30 vitanuke. Vikiwa vinaning'inia nje hujavaa. Vidole viwe safi, sio vya gundi. Yale makubwa kama hedifoni ni rahisi zaidi kwa mtu anayevaa na kuvua, ila miwani yenye mikono minene inaachia upenyo.

Vijana wapeleke wakapimwe usikivu kwenye hospitali yenye kitengo cha masikio, Muhimbili kipo. Waende Jumatatu asubuhi kabla ya kugusa mashine, sikio linatakiwa liwe limepumzika kelele angalau masaa 14, na karatasi ya majibu itunze, mwakani utailinganisha na mpya.