Kuku kajikunyata alfajiri: jinsi ya kujua ugonjwa na la kufanya

Joto la Malindi na Lamu hudanganya macho. Wakati wa kaskazi, saa sita mchana, kila kuku hutweta mdomo wazi na mbawa kazishusha. Huyo si mgonjwa, anapoza mwili ambao hata akiwa mzima huwa na nyuzi 41 hivi. Ndiyo maana ukaguzi wa maana hufanywa alfajiri. Kuku anayetweta saa kumi na mbili asubuhi, upepo ungali baridi, ana lake jambo.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kushika

Fungua banda, mwaga konzi ya mtama, simama kando. Mwangalie anayebaki nyuma: amejikunyata, manyoya yamemsimama, macho nusu, undu (ule upanga mwekundu wa kichwani) umepauka au umepiga zambarau. Kuku huficha ugonjwa, maana aliye dhaifu hudonolewa na wenziwe. Ukishamwona amezubaa, jua hakuanza leo.

Kisha tazama kinyesi pale walipolala. Cha kawaida ni cha kahawia chenye weupe juu yake. Mara mojamoja hutoka kingine laini, cha kunata, chenye harufu kali. Wengi hukikimbilia na dawa, kumbe nacho ni cha kawaida. Cha kutia hofu ni cha kijani kibichi chenye maji, au chenye damu.

Hatua ya 2: Mtenge, ndipo umkague

Mweke peke yake kwenye tundu au chini ya tenga, kivulini, upande ambao upepo hautoki kwake kwenda kwa wengine, na chombo chake cha maji. Hudumia wazima kwanza, yeye mwisho, kisha nawa kwa sabuni.

Mpapase mfupa wa kifua: ukichoma kama ukingo wa jahazi, amekonda muda mrefu, na mara nyingi ni minyoo. Papasa gole (kifuko cha chakula chini ya shingo). Alfajiri linatakiwa liwe tupu. Likiwa limejaa na gumu, kitu kimekwama, mara nyingi vipande vya makuti au nyuzi za nailoni. Mnyime chakula kigumu siku moja, mpe maji na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi kidogo kidogo, na ulikande taratibu. Usimning'inize kichwa chini ili atapike, maji yataingia kwenye pumzi.

Mtetea anayesimama wima, mkia chini, akijikamua bila kutoa kitu, huenda yai limemkwama. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, dakika 20, kisha mpake mafuta kwenye tundu la nyuma na umwache pahali penye giza. Usilivunje yai ndani.

Hatua ya 3: Je, ni mmoja au ni wengi?

Mmoja akiugua peke yake, una nafasi ya kumchunguza. Watatu wakizubaa kwa siku mbili, mmoja anakoroma, mwingine anaharisha kijani, mwingine shingo imepinda, dhania kideri hadi ijulikane vingine. Kideri ni virusi, hakina dawa. Shubiri, pilipili, mwarobaini, hata kidonge cha binadamu kilichopondwa, vyote haviviui virusi hivyo.

Hapa ndipo watu huharibu zaidi. Kwa kuogopa kuku asiwe kibudu, mwenye nyumba huwahi kisu. Damu inamwagika uani, manyoya yanapeperuka kichochoroni, matumbo wanapewa paka, na paka wa Lamu hawana mpaka: kesho mtaa mzima una kideri. Wengine huuza wagonjwa kwa bei ya kutupa, na ugonjwa unasafiri na basi au mashua. Usichinje, usiuze, usigawe. Mjulishe afisa wa mifugo. Vifo vya ghafla vya kuku wengi vinahitaji kuchunguzwa, maana homa ya mafua ya ndege hufanana na kideri. Mizoga ichome au izike shimo refu lisilofukulika, na isitupwe mikokoni wala baharini.

Hatua ya 4: Yanayotibika

Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wanaoharisha damu huwa na koksidia, vijidudu vya utumbo. Dawa ni amproliamu kwenye maji, kwa kipimo cha lebo, na wasipate maji mengine. Dawa hii huua vijidudu kwa kuvinyima vitamini B1, hivyo usiwape vitamini mchanganyiko siku hizo hizo. Utakuwa unailisha koksidia.

Uso uliovimba na makamasi yanayonuka ni mafua ya kuku. Antibiotiki kutoka agroveti husaidia, lakini soma lebo ujue mayai yasiliwe siku ngapi.

Ndui huja na mbu baada ya masika: vipele vyeusi kwenye undu na kope. Usivibandue. Osha kwa maji ya chumvi, paka macho mafuta ya tetrasaiklini. Wengi hufa kwa njaa kwa sababu macho yamefumba, basi mlishe kwa mkono.

Undu uliopauka bila kuharisha: nenda bandani usiku na tochi, chungulia nyufa za boriti na ukuta wa mawe. Ukiona papasi, dawa ya kuku peke yake haitoshi, maana papasi hunyonya usiku na kurudi ufani, na hukaa zaidi ya mwaka bila kula. Mwaga maji yanayochemka, ziba nyufa, paka chokaa.

Hatua ya 5: Onja maji

Visima vingi vya pwani vina magadi au chumvi, na mabaki ya samaki wa chumvi huongeza. Kuku anayekunywa mno na kutoa kinyesi cha majimaji huenda hana ugonjwa wowote. Badilisha maji kwanza. Aliyelegea mpe lita 1 ya maji yenye vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kama kisima chako kina chumvi, acha hiyo ya kijiko.

Hatua ya 6: Chanjo

Chanja kideri kila baada ya miezi 3, tone moja jichoni, umshike mpaka apepese. Chanja wazima tu. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo ukingoja vifo vianze umechelewa. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu na uimalize siku hiyo hiyo. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku 100 au zaidi, basi changeni mtaa mzima: kuku wako wanadonoa jaa moja na wa jirani. Na mgeni kutoka sokoni akae peke yake wiki 3, hata akionekana mnene.