Kupima na Kurekebisha Maji ya Bia ya Nyumbani, Nairobi

Anayetengeneza bia nyumbani Nairobi anapaswa kujua kwanza ni maji gani yaliyo tangini siku hiyo. Maji ya mfereji hutoka zaidi katika bwawa la Ndakaini na mito ya Aberdare, nayo huwa na madini machache. Visima virefu vya jiji, kwa upande mwingine, vingi vina bikabonati ya sodiamu na floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Katika majumba mengi ya kupanga maji ya aina zote mbili humiminwa katika tangi moja, na wakati wa mgao huongezwa ya bauza, hivyo vipimo vya mwezi uliopita havifai kutegemewa.

Povu la sabuni lisikudanganye kwamba maji ni laini na yanafaa: maji ya kisima yenye sodiamu hutoa povu zuri sana ilhali ualkali wake (uwezo wa maji kuzima asidi) uko juu, na ualkali ndio unaoharibu bia nyeupe. Mita za bei nafuu za kupima chumvi nazo hazikuambii ni chumvi gani. Tafuta kwa wauza samaki wa mapambo kifaa cha matone cha kupima ualkali. Weka mililita 5 za maji kwenye kichupa, dondosha tone moja moja huku ukitikisa, uhesabu mpaka rangi ya buluu igeuke manjano. Kwa kawaida tone moja ni kama miligramu 18 za ualkali kwa lita. Matone 3 hayana shida. Matone 17 ni karibu miligramu 300, na hapo lazima uchukue hatua.

Kuchemsha hakutakusaidia, kwa sababu bikabonati inayotuama kwa moto ni ile iliyoandamana na kalisi, si ya sodiamu. Floridi nayo haitoki. Changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tano za maji yaliyochujwa kwa mashine, yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20 mitaani, na miligramu 300 zitashuka hadi takriban 50. Kwa maoni yangu, kama kisima ni kikali, ni heri kutumia maji ya kuchujwa peke yake.

Klorini ya mfereji huipa bia ladha ya dawa ya hospitali. Nusu tembe ya metabisulfiti kwa lita 20 huimaliza kwa dakika chache.

Maji yenye madini machache yana upungufu wa kalisi. Gramu 1 ya jasi safi ya chakula katika lita 20 huongeza miligramu 12 hivi za kalisi na 28 za sulfati kwa lita, na sulfati hukoleza uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia. Kloridi ya kalisi hukuza utamu wa kimea. Lenga kalisi ya miligramu 50 au zaidi, ukijumlisha chumvi zote mbili.

Dakika 15 baada ya kuchanganya kimea na maji ya moto, chota kijiko kwenye bakuli la chuma, kipoe hadi nyuzi 25, kisha upime pH (kiwango cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) kwa mita iliyosawazishwa kwa vimiminika vya 4 na 7. Inafaa iwe kati ya 5.2 na 5.6. Ikizidi, ongeza asidi ya laktiki nusu mililita kwa wakati, koroga vizuri, kisha upime tena. Kwa bia nyeusi subiri kwanza, maana kimea kilichokaangwa kina asidi yake, na maji yenye ualkali wa wastani huweza kuifaa bila kuongezwa chochote.