Somo: Kuchagua programu ya kutunza maktaba ya vitabu kwenye kompyuta yako mwenyewe

Chumba chetu cha kusomea hapa Nyalenda, Kisumu, kina kompyuta moja kuukuu. Watoto husoma vitabu vyake kwa simu kupitia wai-fai, bila bando.

Hatua ya 1. Fungua folda uone una nini hasa. Mimi nilikuta nusu ni PDF za kurasa zilizopigwa picha, zenye majina kama "scan0045". Ukurasa wa namna hiyo haujipangi kufuata kioo cha simu. Mtoto huusukuma kushoto na kulia hadi achoke. EPUB, aina ya faili la kitabu lenye maandishi halisi, hujipanga yenyewe.

Hatua ya 2. Chagua kwa kufuata ulichokikuta. Vitabu vya katuni vikiwa vingi, tazama Komga au Kavita. Vya kusikiliza, Audiobookshelf. Mimi nilichukua Calibre-Web, inayoonyesha vitabu kwenye brauza. Inasoma orodha iliyotengenezwa na Calibre, programu nyingine ya kupanga vitabu kwenye kompyuta; orodha hiyo ni faili liitwalo metadata.db, kwa hiyo anza na Calibre: sahihisha majina ya waandishi, weka majalada. Calibre hupanga kila kitabu ndani ya folda ya mwandishi wake. Nikiiacha Calibre-Web kesho, vitabu vinabaki vyangu na vimepangika. Kwangu hilo linazidi uzuri wa sura.

Hatua ya 3. Ukishaisimika, ifungue kwenye brauza kwa poti 8083, yaani anwani ya kompyuta ikifuatwa na :8083. Badilisha nenosiri la kuanzia kabla hujampa mtu yeyote anwani.

Hatua ya 4. Weka nakala ya folda nzima kwenye diski nyingine. Stima ilipotea nikiwa naongeza vitabu, metadata.db ikaharibika. Niliumia sana. Kilichoniokoa ni vifaili vya metadata.opf ambavyo Calibre huviacha kando ya kila kitabu. Kwa vifaili hivyo Calibre iliijenga orodha upya.

Maswali ya wanachama

*Kakamega:* Mwalimu, lazima intaneti iwepo?
Wakati wa kusimika tu. Baadaye ruta inatosha.

*Nakuru:* Naweza kuweka maktaba kwenye diski ya mtandao, niifungue kwa laptopu mbili?
Usijaribu, dada. Calibre wenyewe wanaonya dhidi ya diski za mtandao. Hata Calibre na Calibre-Web usiziache zikiandika kwa pamoja.

*Bungoma:* Mtoto akifika nyumbani atasomaje, na wai-fai iko huko chumba cha kusomea?
Mwekee KOReader, programu ya kusomea vitabu, kwenye simu ya Android. Ndani yake andika anwani ile ile ya Calibre-Web, umalizie na /opds, ili orodha ya vitabu ionekane. Achague kitabu kabla ya kutoka, kishuke kwenye simu, aende nacho.