Straika Gani Ana Thamani Zaidi? Hesabu Kwanza, Kelele Baadaye

Ubishi wa kijiweni kuhusu nani mkali, straika wa Simba au wa Yanga, hauishi kwa sababu watu wanne wamekaa benchi moja wakijibu maswali manne. Mmoja anazungumzia kipaji. Mwingine anahesabu mabao. Wa tatu anamtaka aliyeipa timu pointi, na wa nne anamtaka asiyetetemeka mechi ikibana. Wote wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kila mtu na mchezaji wake. Kwa hiyo kubalianeni swali kabla jina halijatajwa. Hapa tunashughulika na maswali mawili ya mwisho, maana ndiyo yenye kelele nyingi na hesabu chache.

Vifaa ni daftari au Excel kwenye simu. Kwa kila mechi andika mpinzani, nyumbani au ugenini, dakika alizocheza huyo mchezaji, dakika ya kila bao lake, kama ni penalti au la, na ubao ulikuwa unasoma ngapi kabla hajafunga. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na bila hiyo mjadala wa "mtu wa mechi ngumu" hauna pa kusimama. Jaza usiku uleule wa mechi. Ukingoja msimu uishe utaandika mabao unayoyakumbuka tu, na unayoyakumbuka ni yale mazuri ya timu yako.

Dakika kwanza, penalti pembeni

Ligi Kuu Bara ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30, kwa hiyo dakika za msimu ni 2,700 ukiacha za nyongeza. Hakuna straika anayezicheza zote. Chukua mabao, zidisha kwa 90, gawanya kwa dakika alizokuwa uwanjani.

Tuseme straika A ana mabao 16 kwa dakika 2,520, na B ana 13 kwa dakika 1,620. Kwa jedwali la wafungaji A yuko juu. Kwa hesabu ya dakika, A anapata 0.57 kwa kila dakika 90 na B anapata 0.72. Sasa ondoa penalti: kama A alifunga 5 na B moja, A anashuka hadi 0.39 na B anabaki na 0.67. Hapo mjadala umegeuka, na hakuna aliyepandisha sauti.

Kuna atakayesema penalti nayo ni bao. Ni kweli, ila takriban robo tatu ya penalti huingia bila kujali sana nani amepiga. Anachostahili mpigaji ni kile kinachozidi kiwango hicho, tuseme 0.76. Mpe 0.24 kwa kila anayofunga, mkate 0.76 kwa kila anayokosa. Aliyefunga 5 kati ya 5 anaongezewa 1.2. Aliyefunga 5 kati ya 7 anakatwa 0.32, ingawa jedwali la wafungaji linampa mabao 5 yaleyale. Na aliyeangushwa ndani ya boksi mwandikie safu yake, maana mara nyingi kazi kubwa aliifanya yeye.

Hesabu ya dakika ina mtego mmoja: wanaotokea benchi. Anayeingia dakika ya 70 anakutana na mabeki waliochoka, na mabao 3 kwa dakika 200 yatamfanya aonekane hatari kuliko wote nchini. Wekeni kima cha chini. Dakika 900, yaani mechi kumi kamili, zinatosha kwa msimu mmoja. Aliye chini ya hapo mjadilini pembeni.

Bao liliipa timu nini?

Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga na Saido Ntibazonkiza wa Simba walimaliza na mabao 17 kila mmoja. Matano kati ya yale ya Saido aliyafunga katika mechi moja dhidi ya Polisi Tanzania, timu iliyoshuka daraja msimu huohuo. Mabao matano siku moja ni kazi ya maana. Lakini ukishinda 6-1, kama Simba siku ile, pointi ni tatu tu, sawa na ukishinda 1-0.

Njia rahisi ya kupima hilo ni kufuta. Futa mabao ya mchezaji kwenye kila mechi, tazama matokeo yangekuwaje, kisha hesabu pointi zilizopotea. Alifunga pekee katika 1-0, ukifuta inabaki sare, pointi 2 ni zake. Alifunga katika 1-1, ukifuta timu imefungwa, pointi 1. Alifunga yote katika 2-1, ukifuta timu imelala, pointi 3. Alipiga hat-trick katika 4-0? Ukifuta inabaki 1-0, pointi zake ni sifuri.

Hapo wengi hufurahi, wakidhani kazi imeisha. Haijaisha. Chukua dabi ya Kariakoo ya tarehe 5 Novemba 2023, Simba 1-5 Yanga. Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, timu zikaenda mapumziko 1-1. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akafanya 2-1, Aziz Ki 3-1, Maxi tena 4-1, na Pacome akamalizia kwa penalti. Sasa futa mabao ya Maxi: Yanga bado inashinda 3-1. Futa la Musonda: 4-1. Futa la Aziz Ki: 4-1. Kwa njia hii hakuna mchezaji hata mmoja wa Yanga aliyechangia pointi siku ile, jambo ambalo hata shabiki wa Simba hawezi kulisema bila kucheka.

Tatizo ni kwamba kufuta kunatazama mechi kutoka mwisho wake, ilhali anayefunga hajui mwisho. Maxi alipofunga la kwanza lake ubao ulikuwa 1-1 na mechi ilikuwa ya yeyote. Kwa hiyo pima bao kwa hali ya ubao wakati linafungwa. Kipimo hiki kinatosha kwa kijiwe:

- bao la kusawazisha, au la kutoka sare kwenda mbele: alama 3
- bao la kutoka tofauti ya moja kwenda mbili: alama 2
- bao la kupunguza kutoka nyuma kwa mawili hadi moja: alama 2
- mengine yote: alama 1

Alama hizi ni makubaliano, mnaweza kuzibadilisha, mradi mzibadilishe kabla ya kuanza kuhesabu. Ukiirudia dabi ile, Musonda anapata 3, Kibu 3, Maxi 3 na 1, Aziz Ki 2, Pacome 1. Bao la tano ndilo lililotengenezewa utani mwaka mzima, lakini mechi iliamuliwa kwenye la pili. Jumlisha alama za msimu mzima, gawanya kwa idadi ya mabao, utapata wastani wa uzito wa bao la kila straika. Anayefunga wakati tayari ni 3-0 atakaribia 1. Anayefungua mechi atasogelea 3.

Ukipima hivi utakuwa umejikinga pia na kosa la kumhukumu mfungaji kwa uzembe wa wengine. Fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 28, 2023, kwa Mkapa: USM Alger wanaongoza, Mayele anasawazisha dakika ya 82, na dakika mbili baadaye Yanga wanaruhusu la pili. Yanga walishinda 1-0 kule Algiers, lakini kombe likaenda kwa USM Alger kwa faida ya bao la ugenini. Bao la Mayele lilikuwa la alama 3 lilipoingia na linabaki hivyo. Halipungui kwa sababu ulinzi ulilala baadaye.

Dakika za lala salama

Sasa tunafika penye ubishi mkali: nani anayeamka mechi ikifika jioni. Kwanza wekeni mipaka ya "presha". Kwenye kikapu NBA wameshaiweka yao: dakika 5 za mwisho, tofauti isiyozidi pointi 5, na tangu msimu wa 2022/23 kuna tuzo kabisa ya mchezaji bora wa muda huo, ambayo De'Aaron Fox alikuwa wa kwanza kuichukua. Kwenye soka mpaka unaofaa ni kuanzia dakika ya 75 hadi filimbi, timu zikiwa sare au zimeachana kwa bao moja. Mechi ikiwa 3-0 dakika ya 80, lolote linalofuata halihesabiwi.

Halafu hesabu dakika za presha, kabla ya mabao. Tuseme mechi 18 kati ya 30 zilifika dakika ya 75 zikiwa zimebana na straika wako alikuwepo zote. Hizo ni dakika 18 × 15, yaani 270. Msimu mzima wa ushujaa unaoimbiwa ni sawa na mechi tatu.

Ndiyo maana majigambo mengi hapa hayana mguu. Straika wa kiwango cha 0.5 kwa dakika 90 anategemewa kufunga 1.5 katika dakika 270 hata asipokuwa na moyo wowote wa ziada. Akifunga 3 ataitwa muuaji. Lakini kwa bahati tupu, mtu wa kiwango hicho hufikisha 3 au zaidi takriban mara 19 kati ya 100. Chukua mastraika kumi wanaofanana kila kitu, na wawili hivi watamaliza msimu na jina la "mtu wa mechi ngumu" bila kuwa tofauti na wenzao. Upande wa pili, asiye na bao hata moja ndani ya dakika hizo ataitwa mwoga, na hilo nalo hutokea kwa bahati mara 22 hivi kati ya 100.

Ongeza kwamba robo saa ya mwisho huwa na mabao mengi kuliko robo nyingine za mchezo kwa ligi karibu zote: miguu imechoka, anayefungwa amefungua nyuma, na dakika za nyongeza zinaingia humohumo. Kwa hiyo usimlinganishe mtu na kiwango chake cha mechi nzima halafu ukashangaa amepanda. Mlinganishe na mastraika wengine ndani ya muda uleule.

Fanya hivi basi: unganisha misimu mitatu au minne ili ufikishe angalau dakika 800 za presha, na taja dakika kila unapotaja mabao. "Ana mabao 3 kwa dakika 270 za presha" ni hoja. "Haogopi mechi kubwa" ni wimbo.

Kumbukumbu inavyodanganya

Roberto Baggio wa Italia anakumbukwa kwa penalti iliyopaa fainali ya Kombe la Dunia ya 1994. Wachache wanataja kwamba alifunga mabao 5 katika mechi tatu za mtoano kabla ya hapo, likiwemo la kusawazisha dhidi ya Nigeria zikiwa zimebaki dakika kama mbili. Na kwenye mikwaju ile Baresi na Massaro walikuwa wameshakosa. Hata Baggio angefunga, Brazil walikuwa bado na mkwaju mmoja mkononi.

Asamoah Gyan vilevile. Afrika nzima inakumbuka penalti yake iliyogonga mwamba wa juu dhidi ya Uruguay, Kombe la Dunia 2010. Dakika chache baadaye alikwenda kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana na akafunga, na mechi iliyotangulia ndiye aliyewatoa Marekani katika muda wa nyongeza. Kama neno "moyo" lina maana yoyote kwenye mpira, mkwaju ule wa pili ni ushahidi mzito kuliko ule wa kwanza.

Mei 13, 2012 dunia iliona bao la Agüero lililoipa Manchester City ubingwa wa England. La Džeko lililosawazisha 2-2 dakika ya 90+2 lilikuwa na alama 3 zilezile, na bila hilo la Agüero lingekuwa sare tu na ubingwa ungekwenda kwa majirani zao, Manchester United. Mkiwa mnabishana, mtu akitaja tukio moja mwulizeni: kabla ya hilo kulitokea nini, na mara ngapi alipewa nafasi kama hiyo akakosa?

Wasio mastraika wanahitaji vipimo vyao. Kipa: gawanya mashuti aliyookoa kwa mashuti yote yaliyolenga lango. Mashuti 60, mabao 15, ni asilimia 75. Usimhesabie tu mechi asizoruhusu bao, nyingine hakuguswa kabisa. Kiungo mkabaji wa aina ya Khalid Aucho ndiye mgumu kuliko wote. Jaribu wastani wa pointi timu inapoanza naye na inapoanza bila yeye, lakini kagua wapinzani, maana kocha humpumzisha mbele ya timu nyepesi na namba zitamwonea. Bei ya usajili isiingie humu: inafuata umri na muda uliobaki kwenye mkataba, na straika wa miaka 32 aliyekubeba msimu mzima anaweza kuuzwa kwa bei ya chini kuliko kijana wa akiba.

Njia kali ya kumaliza ubishi wa lala salama ni kutabiri. Kabla ligi haijaanza kila mmoja aandike majina matatu anayoamini yataongoza kwa alama za mabao ya dakika ya 75 kwenda mbele. Karatasi ifungwe, ifunguliwe mechi ya 30 ikiisha. Waliotajwa kwa sababu ya msimu uliopita wakirudia, mna kitu. Wakitokea wapya kabisa, mlikuwa mnaishabikia bahati. Dau liwe soda, na karatasi ashike mtu wa Coastal Union.